Simu ya Bure ya Nesi wa Same

Mwaka nilioanza kujibu simu nilikuwa nimevunjika mguu. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa milimani waliamini kwa muda mrefu kwamba nilichaguliwa kwa elimu yangu. Nilichaguliwa kwa sababu sikuweza kusimama.

Nilikuwa nesi wa afya ya jamii, nina miaka ishirini na sita, na kazi yangu ilikuwa kuzunguka vijijini kwa baiskeli nikipima watoto uzito na kuwachanja. Siku moja nikiwa Ndungu, napita juu ya tuta la mfereji kwenye mashamba ya mpunga, nikakutana na ng'ombe anayekuja upande wangu. Tuta lile halikututosha wawili. Ng'ombe alipita. Mimi, baiskeli na boksi la chanjo tukaingia mferejini, na mguu wa kulia ukavunjika juu kidogo ya kifundo. Mwenye ng'ombe alifika, akamkagua ng'ombe wake kwato moja moja, akaridhika, ndipo akanipa mkono nitoke.

Nilifungwa plasta, nikaambiwa nikae wiki nane. Nyumbani kwetu hapakuwa na mahali pa kukaa wiki nane. Baba yangu alikuja Upare kutoka Kigoma kukata mkonge, akabaki hukohuko kambini, na chumba chetu kilikuwa cha watu watano kulala kwa zamu. Kwa hiyo nikawa naja ofisini kila asubuhi kwa magongo, nakaa kwenye kiti, naweka mguu juu ya boksi tupu la maziwa ya unga, nasubiri jioni.

Bwana afya wa wilaya alikuwa mtu mwembamba aliyependa semina. Alikuwa ametoka kwenye semina moja ambako walielezwa kwamba kuna nchi mgonjwa hupiga simu kwanza, akaongea na nesi bila kulipa, nesi akamwambia kama aende hospitali au akae nyumbani anywe maji. Bwana afya alirudi na wazo hilo pamoja na mkoba mpya wa plastiki. Wazo lilimfaa, maana gari letu la wilaya lilikuwa juu ya mawe tangu mwaka uliotangulia likisubiri matairi, na dawa zilikuja kidogo kidogo. Kitu pekee tulichokuwa nacho cha kutosha kilikuwa ushauri.

Aliniangalia pale kitini, akaangalia simu iliyokuwa juu ya meza, akasema, "Wewe mdomo haujavunjika."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi hiyo.

Posta walikubali kwa sababu ya kipindupindu kilichokuwa kimepita kule tambarare, na tangazo likapelekwa makanisani na misikitini: mwananchi yeyote mwenye swali la afya aende penye simu iliyo karibu naye, azungushe mkono, aombe nesi wa Same. Kuanzia saa tatu hadi saa sita, siku za kazi. Hakuna malipo.

Wiki ya kwanza walipiga watu wanne. Wote walitaka kujua kama kweli hakuna malipo. Niliwaambia ni kweli. Wakashukuru wakakata.

Inafaa nieleze jinsi simu zile zilivyokuwa, kwa sababu sasa kila mtu anatembea na yake mfukoni. Zilikuwa nzito, nyeusi, na zina mkono wa kuzungusha ubavuni. Ukizungusha, kengele inalia Same kwenye mitambo, opereta anaitika, unamwambia unamtaka nani, naye anachomeka waya wako kwenye tundu la huyo mtu. Huku Upare wa kusini, upande wa Mamba, simu nne zilikuwa kwenye waya mmoja: ya chama cha ushirika, ya nyumba ya mchungaji pale misheni, ya ofisi ya kata, na ya mzee mmoja wa kanisa aliyewahi kuwa karani wa serikali. Alipostaafu alirudi nyumbani kwake kijijini na simu ikamfuata, na hakuna aliyewahi kuja kuidai. Kwa kuwa waya ulikuwa mmoja, kengele ikilia kwa mmoja inalia kwa wote. Na mmoja akizungumza, wote wanaweza kuinua na kusikiliza.

Wote waliinua. Kila mkono wa simu ulioinuliwa ulipunguza nguvu kidogo kwenye waya, kwa hiyo nilijua idadi ya wasikilizaji kwa jinsi sauti ya mgonjwa ilivyofifia. Mgonjwa mwenye jambo la kawaida nilimsikia vizuri. Mwenye jambo la aibu alisikika kama anaongea kutoka ndani ya pipa.

Matokeo yake hakuna mtu wa Mamba aliyewahi kuugua mwenyewe. Aliyeugua ni jirani. Jirani alikuwa na muwasho mahali fulani. Jirani alikuwa anauliza kama mtu anaweza kupata mimba wakati bado ananyonyesha. Siku moja mwanamume aliniuliza swali refu kuhusu jirani yake, na katikati akakohoa kikohozi kilekile alichokuwa akikieleza. Nilisubiri amalize kukohoa nikamwambia amshauri jirani akapimwe makohozi, na kwamba kama hana nafasi ya kumpeleka, anaweza kwenda yeye kwa niaba yake. Akasema atamfikishia. Alikwenda.

Tatizo jingine lilikuwa salamu. Kwenye simu huoni mvi. Mimi nilizaliwa na sauti nzito, sauti ya mama aliyeoza mabinti, na watu wengi walinipa shikamoo kabla sijafungua mdomo vizuri. Mwanzoni nilijaribu kueleza. Ilikula muda. Baada ya siku chache nikawa naitikia marahaba na kuendelea na kazi. Mzee wa kanisa, yule mwenye simu nyumbani, alipiga karibu kila siku kuulizia wagonjwa wa wengine, na kila siku aliniamkia kwa heshima, nami nikaitikia.

Halafu kulikuwa na opereta. Alikuwa mama mwenye watoto saba na uzoefu wa miaka mingi pale kwenye mitambo, na hakuona sababu ya kunipitishia mgonjwa ambaye yeye amekwisha kumtibu. Nilikuwa nikiinua simu nasikia, "Huyu ana mafua tu, nimemwambia ajifukize. Unataka kuongea naye?" Nilimlalamikia kwa bwana afya. Bwana afya akaenda kuongea naye, akarudi baada ya nusu saa na ushauri kuhusu tumbo lake. Mwishowe nilimpigia mwenyewe nikamweleza kwamba nesi ni mimi. Aliniuliza nina watoto wangapi. Nikasema sina. Akasema, "Basi tutasaidiana."

Maswali yalitoka kila upande. Wakati huo nguo za mitumba zilikuwa zimeanza kuingia kwa wingi, marobota yanafunguliwa sokoni Same mbele ya watu, na bibi mmoja wa Ugweno alitaka kujua kama koti la marehemu wa Ulaya linaweza kumwachia mtu ugonjwa uliomwua marehemu. Nilimwambia alifue kwa maji ya moto na kulipiga pasi. Akauliza kama hilo litatosha kwa ugonjwa wa moyo.

Kosa langu kubwa la siku za mwanzo lilihusu tangawizi. Mkulima mmoja wa Mamba aliuliza kama chai ya tangawizi inatibu malaria. Nikasema hapana. Nilisema hivyo kwenye waya wenye wasikilizaji wa simu nne, katika milima ambako tangawizi ndiyo inayosomesha watoto.  Kisha sauti isiyokuwa ya mkulima yule ikaniuliza nimezaliwa wapi. Kwa wiki nzima hakupiga mtu kutoka upande ule. Ijumaa yake dereva wa lori alinishushia gunia dogo la tangawizi ofisini, bila barua. Nilimpa bwana afya nusu, nikanywa chai yake mwezi mzima, na mtu alipouliza tena nilisema ni nzuri sana kwa kifua.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuja wakati wa masika, wiki yangu ya sita au ya saba kitini.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu na udongo umeporomoka ukaifunga barabara ya kupanda Mamba. Mjini Same vitu vilikuwa vimeanza kurudi madukani baada ya miaka ya kupanga foleni kwa kipande cha sabuni; kulikuwa na maduka yenye sukari, mafuta na hata biskuti. Lakini vitu hivyo vilikuwa bado havijajua njia ya mlimani, na mvua ile ndiyo iliyoifunga kabisa.

Saa tatu na dakika chache opereta akanipa karani wa chama cha ushirika. Karani huyo alikuwa kijana mtaratibu aliyependa kusoma ripoti. Aliniambia kwamba mbele yake yupo mama mmoja na mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na miezi minne, kwamba mtoto anaharisha na kutapika tangu jana mchana, na kwamba zahanati ya karibu haina pakiti za dawa ya kuharisha. Akauliza kama kuna swali la ziada.

Nikamwambia ampe mama simu. Akasema mama anaogopa simu. Nikamwambia basi awe macho yangu. Nilimtuma amwangalie mtoto: macho yamezama? Yamezama. Akilia anatoa machozi? Halii. Nikamwambia avute ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, aiachie, aniambie inarudi upesi au inabaki imesimama. Nilisikia simu ikiwekwa mezani. Nikasikia nyayo zake. Aliporudi sauti yake haikuwa tena ya kusoma ripoti.

"Inarudi, lakini polepole," alisema.

Nilikuwa nimewaona watoto wakiondoka kwa ugonjwa huu ndani ya nusu siku, tena wodini, sisi tumesimama pale. Nilimuuliza hospitali ya misheni ni mwendo gani. Akasema kwa njia ya juu, kwa barabara ile ilivyokatika, ni mwendo wa saa nne kwa miguu, na mvua bado inanyesha.  Nilimwuliza kama mtoto bado anakubali kumeza. Mama akajibu kwa Chasu, lugha ya huko, kutoka mbali, karani akatafsiri: anakunywa ukimlazimisha. Basi tuanzie hapo, nikasema. Aendelee kumnyonyesha, na sisi tutengeneze wenyewe maji ya sukari na chumvi kabla ya safari yoyote.

Maji ya namna hiyo ni rahisi, na nilikuwa nimeyafundisha kliniki mara nyingi mpaka nikiwa usingizini ningeweza kuyasema. Lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Vijiko sita vya chai vya sukari. Nusu kijiko cha chai cha chumvi. Karani aliandika. Kisha akauliza lita moja ni kiasi gani, maana pale ushirika walikuwa na debe na mizani ya kupimia gunia, na katikati ya hivyo viwili hapakuwa na kitu.

Kliniki tulikuwa tunawafundisha kina mama kupima kwa chupa za bia. Chupa ya bia ya siku zile ilikuwa nusu lita kamili, hivyo mbili ni lita. Ndivyo kitabu kilivyosema na ndivyo nilivyosema na mimi, bila kufikiri.

"Tafuteni chupa mbili tupu za bia," nikamwambia.

Karani aliacha kuandika. Sauti yake ilikuwa imefifia muda wote, nami nilijua waya mzima umeinuliwa: misheni wapo, ofisi ya kata wapo, na mzee wa kanisa yupo. Vijiji vile vilikuwa vya watu wa kanisa kwa vizazi, na kanisa lile lilikataza pombe. Kuwa na chupa ya bia nyumbani halikuwa jambo la kulitangaza kwenye simu. Karani alisema polepole kwamba yeye binafsi hana, na kwamba hamfahamu mtu aliye nazo. Mtu wa ofisi ya kata akasema na wao hawana, ingawa hakuwa ameulizwa. Nilianza kukokotoa kichwani kwa vikombe, lakini vikombe vya kule kila kimoja na ukubwa wake, na chumvi si kitu cha kubahatisha kwa mtoto mdogo.

Hapo ndipo ikasikika sauti ya mzee. Kwanza aliniamkia. Nikaitikia marahaba. Kisha akasema, "Kwangu zipo mbili. Nakuja nazo."

Tukasikia simu yake ikiwekwa chini, na sauti ya karani ikaongezeka nguvu kidogo.  Nyumba ya mzee ilikuwa bonde moja kutoka ushirika, na kwa mvua ile na umri wake nilihesabu nusu saa.

Tukaingia kwenye sukari. Duka la ushirika halikuwa na sukari tangu kabla ya mavuno. Nilimwambia karani kwamba ikikosekana kabisa tutatumia uji mwepesi wenye chumvi, nao unafaa, na nikamwambia aanze kuuliza unga. Kabla sijamaliza, mke wa mchungaji kule misheni akaingia kwenye mazungumzo. Nilimfahamu kwa sauti. Alikuwa ameniuliza mara nyingi kuhusu majirani. Alisema kwamba inawezekana kuna sukari kidogo nyumbani kwake. Karani akauliza kwa mshangao kama ni ile iliyosemekana imekwisha. Mama mchungaji akasema ilikuwa imekwisha, na hii ni nyingine, kilo tano, ya harusi ya binti yake. Alisema anamtuma mtu nayo sasa hivi, na maji yaliyochemshwa anayo kwenye chupa mbili za chai.

Kwa hiyo asubuhi ile, ndani ya dakika kumi, milima ya Mamba ilipata habari mbili ambazo zingechukua miaka kujulikana.

Maji ya moto ya karani mwenyewe yalikuwa tayari yakipoa kwenye birika, na mzee alipofika, amelowa mpaka mifupani, chupa zikaoshwa wakapima lita yao ya kwanza wakiwa wanasubiri sukari. Karani akaniarifu kwamba chumvi imekwisha kuwekwa, nusu kijiko kama nilivyoagiza.

Sijui kwa nini niliuliza. Nadhani ni vile alivyosema neno kijiko, kwa ukubwa fulani. Nikamwuliza ni kijiko gani. Akasema ni cha hapa ofisini. Nikamwuliza kama kinaingia mdomoni.

"Mdomo wa nani?" akauliza.

Nikaomba kuongea na mzee. Mzee akashika simu, nikamwuliza kijiko hicho ni cha nini. Akasema ni cha kupakulia wali.

Nakumbuka niliushika ukingo wa meza. Chumvi ya namna ile ingemmaliza mtoto kwa dawa niliyoiagiza mimi, kwa sauti yangu mimi, nikiwa nimekaa mahali pakavu. Nilimwambia mzee ayamwage yote, aoshe chupa, asiachwe mtu kuonja hata tone. Sikupiga kelele, lakini opereta aliyekuwa akisikiliza kule mitamboni aliniambia baadaye kwamba alisimama. Mzee akayamwaga. Akatafutwa mtu mwenye kijiko cha kukorogea chai, kikapatikana shuleni kwa mwalimu, na safari hii nikamtaka mzee anielezee urefu wake kwa vidole, na nusu yake aisawazishe kwa kisu, na anisomee kila hatua kabla hajaifanya. Sukari ilipofika nikahesabu naye: moja, mbili, mpaka sita.

"Sasa muonje," nikasema. "Yasizidi chumvi ya machozi. Yakizidi, mwageni tena."

Mzee alionja. Karani alionja. Kisha mzee akampa mama wa mtoto, na kwa mara ya kwanza nikamsikia yule mama kwa Kiswahili, karibu kabisa na simu.

"Ni machozi," alisema.

Nikamwambia aanze. Kijiko kimoja, asubiri kidogo, kijiko kingine. Akitapika, wasubiri dakika kumi waanze upya polepole zaidi. Wasiache. Nami nikasema sitakata simu.

Kuna kazi chache za ajabu kama kukaa masaa mawili kwenye simu ukisikiliza mtoto akinyweshwa kwa kijiko. Hakuna cha kusema. Nilisikia mvua kwenye bati la ushirika. Nilisikia kijiko kikigonga kikombe. Mtoto alitapika mara moja, na mama akalia kidogo, na mzee akamwambia jambo kwa Chasu kwa sauti ya chini mpaka akaendelea. Mara kwa mara karani aliniambia saa. Bwana afya aliingia ofisini, akaona uso wangu, akatoka, akarudi na chai akaiweka mezani.

Katikati ya hayo, mkubwa mmoja kutoka mkoani alitaka kuunganishwa na ofisi ya kata kule juu kwa jambo la ziara yake. Opereta alimwambia waya unaumwa. Alipouliza unaumwa nini, opereta akamjibu kwamba unaharisha tangu jana, na kwamba atamjulisha ukipata nafuu. Mkubwa aliandika barua ya malalamiko, nayo ilipofika Same ilisomwa na watu wengi kwa furaha.

Ilikuwa imekaribia saa sita nilipomsikia karani akisogeza kiti kwa haraka. Akaja kwenye simu.

"Amekojoa," akasema. Kisha akaongeza, kwa uaminifu wa ripoti, "Amemkojolea mzee."

 Mtoto aliyekauka hana mkojo, na mkojo ulikuwa habari njema kuliko nyingine yoyote ambayo karani angeweza kuniletea. Nilisikia mama mchungaji akishukuru Mungu kule misheni, mtu wa ofisi ya kata akicheka, na opereta akipenga kamasi. Nikauliza kuhusu macho. Karani akasema yanamtazama. Nikawaambia watengeneze lita nyingine, na mvua ikipungua wampeleke hospitali ya misheni, wakimpa njiani, kijiko kwa kijiko. Walimpeleka mchana uleule, wanaume wanne na mama yake, wakipokezana mtoto mgongoni. Walipofika, nilivyoambiwa, aliomba ndizi kwa kuionyesha kwa kidole. Alilazwa siku mbili.

Baada ya siku ile simu zilizidi, na majirani wakaanza kupungua. Watu walisema "mimi".

Isipokuwa mzee wa kanisa. Mzee aliacha kupiga kabisa. Nilidhani ni aibu ya zile chupa, na sikuthubutu kuuliza. Plasta yangu ilikuwa imekwisha kutolewa, natembea kwa gongo moja, alipotokea mlangoni kwangu mtu mrefu, mwenye mvi, amevaa koti zito na kushika kofia. Alimtazama bwana afya, akatazama meza, akauliza nesi wa simu yuko wapi. Nikasema ni mimi. Niliijua sauti yake kabla hajamaliza swali.

Alinitazama kwa muda. Kwa wiki kadhaa alikuwa ameniamkia shikamoo kila asubuhi, na sasa mbele yake alisimama msichana anayeweza kuwa mjukuu wake. Nikapiga goti kadiri mguu ulivyoniruhusu, nikamwamkia. Aliitikia marahaba, kisha akabaki amesimama kana kwamba anasubiri nyingine zifuate.

Bwana afya alitupisha. Mzee akakaa kwenye kiti changu, akaweka kofia juu ya goti, akazungumza kuhusu mvua, kuhusu barabara, kuhusu mtoto ambaye sasa alikuwa anatembea. Ilipita karibu nusu saa. Ndipo akaniambia kwamba ameshuka mlima kwa sababu ana jambo ambalo haliwezi kupita kwenye ule waya. Ilikuwa miezi mingi anapata shida ya kukojoa. Usiku anaamka mara tano, mara sita, na linalotoka ni kidogo kwa uchungu. Siku ile mtoto alipomlowesha, alisema, watu wote walicheka, na yeye alicheka, lakini alimwonea wivu.

Alisema hivyo bila kutabasamu, na mimi sikutabasamu.

Sikuwa na dawa yake, na nilimwambia hivyo. Nilimweleza ni ugonjwa wa wanaume wengi wa umri wake, una matibabu, na daktari wa upasuaji atajua la kufanya. Nilimwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa ya Moshi, nikaandika kwa mwandiko wangu bora. Aliisoma yote mbele yangu, kama karani wa zamani, akanisahihisha herufi moja. Alifanyiwa upasuaji mwezi uliofuata akaishi miaka mingi. Kuhusu chupa hakusema kitu, na baraza la kanisa, nilivyosikia, liliwahi kulijadili jambo hilo mara moja tu. Mama wa mtoto alihudhuria kikao, akakaa mbele na mtoto mapajani. Kikao kikaendelea na ajenda iliyofuata.

Simu ya bure ilidumu mwaka na kidogo. Haikufutwa na mtu. Biashara ilipofunguka ikafunguka na biashara ya nyaya za shaba, na asubuhi moja opereta alinipigia kuniambia kwamba upande wa Mamba hauitiki. Fundi alipopanda kuangalia alikuta nguzo zipo zimesimama wima zote, na kati ya nguzo na nguzo hakuna kitu. Waya mpya uliahidiwa. Bwana afya alikwenda kwenye semina nyingine, akarudi na wazo la wananchi kuchangia huduma, na wazo hilo ndilo lililobaki.

Mimi nilirudi kwenye baiskeli, na Ndungu nikawa nashuka kila nionapo pembe. Mara yangu ya kwanza kupanda Mamba kwa kliniki ya watoto, hakuna aliyenijua. Nilining'iniza mizani kwenye boriti ya ushirika, nikapanga kadi, nikawaambia kina mama wakae kwa mstari, wenye watoto wachanga watangulie. Mazungumzo yakakatika. Wanawake kama thelathini waligeuka kunitazama, na mmoja akasema kwa mwenzake, wala si kwa siri, kwamba alidhani mimi ni mnene.

Mama wa mtoto yule alikuwa wa saba au wa nane kwenye mstari. Hakujitambulisha na mimi nisingemjua, lakini kwenye kadi ya mtoto kulikuwa na maelezo ya hospitali ya misheni, kuharisha, siku mbili, na tarehe ninayoikumbuka. Mtoto alikuwa na mashavu. Aliiona mizani na yale mavazi yangu meupe, akapiga kelele za kumwita mtu aliyeko bonde la pili, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Mama yake alianza kumwombea radhi kwangu. Nilimwambia amwache tu alie.

Nilimning'iniza. Alikuwa na uzito mzuri, juu ya mstari wa kadi. Nikaandika kwenye kadi, nikampa mama, nikamwita anayefuata.